MAMA, PIMA MANENO YA SIMU MBELE YA KUPATIA MUTOTO DAWA

Somo kwa wamama wanaoleta watoto kwa kupimwa



Kila mwezi munaleta watoto wenu ku hospitali. Tunaweka mutoto katika mizani, tunasoma kilo, tunaandika ku fishi yake. Hakuna mutu anayesema: «Namuona kwa macho tu, inatosha.» Tunapima, kwa sababu macho yanaweza kudanganya.

Siku hizi wamama wengi wako na simu yenye intaneti. Mutoto anaumwa usiku, mama anafungua simu, anaandika maneno mawili ao matatu, na mara moja anapata majibu mengi sana. Hiki ni kitu kizuri. Mama wa Bunia ao wa Kalemie anaweza kusoma leo maneno ambayo zamani yalikuwa katika vitabu vya waganga tu. Lakini katika simu ile ile maneno ya kweli na maneno ya uongo yanakaa pamoja, na yanavaa nguo moja. Yale ya uongo yanaweza kuua mutoto.

Kwa hiyo leo tutajifunza mambo mawili: namna ya kuuliza simu vizuri, na namna ya kupima jibu mbele ya kulitumia ku mwili wa mutoto.

MBELE YA YOTE: WAKATI GANI USIULIZE SIMU

Kuna magonjwa yasiyongoja. Usipoteze hata dakika moja ku simu kama unaona moja ya alama hizi:

– mutoto hawezi kunywa wala kunyonya;
– anatapika kila kitu unachomupatia;
– anashikwa na kifafa (degedege);
– analala sana, humuwezi kumuamusha, ao anakuwa mulegevu kabisa;
– anapumua mbio mbio, ao kifua kinaingia ndani wakati anavuta pumzi;
– kuna damu katika choo chake;
– hajatimiza miezi 2 na iko na homa ao anakataa ziwa.

Mutoto wa namna hii, mubebe, uende naye ku hospitali ao ku kituo cha afya kilicho karibu, hata usiku. Simu itumie kwa kuita mutu mwenye pikipiki. Kutafuta majibu utafanya siku ingine.

1. SIMU INATAFUTA NAMNA GANI?

Wengine wanafikiri kwamba Google ni munganga mukubwa anayekaa ndani ya simu. Hapana. Google ni mashine ya kutafuta, ilianza katika Marekani mwaka wa 1998. Kazi yake ni kupita katika kurasa ambazo watu wa dunia yote wameandika, kusoma maneno yao na kukumbuka ni wapi yanapatikana. Ukiandika «homa ya mutoto», inakuletea kurasa zenye maneno ya namna hiyo. Inatanguliza zile inazozani zitakusaidia, kwa mufano zile ambazo kurasa zingine nyingi zinazitaja. Lakini haipimi damu, na haijui mutoto wako.

Kwa hiyo kumbuka: jibu la kwanza siyo lazima jibu la kweli. Ku soko, mwenye meza karibu na mulango hana lazima samaki nzuri kupita wengine. Iko na pahali pazuri tu.

Tena, wengine wanalipa feza kusudi watokee juu. Kama simu yako inasema Kifransa, utaona neno «Sponsorisé» ao «Annonce» karibu na jina lao. Hilo ni tangazo la biashara. Ruka hilo, shuka chini.

Siku hizi utaona vilevile, juu ya kurasa zote, jibu fupi ambalo mashine yenyewe imeandika. Linapendeza kusoma, kwa kuwa liko na maneno mafupi na ya wazi. Lakini mashine imekusanya maneno ya hapa na pale, na inaweza kuyachanganya. Kwa kipimo cha dawa usilitegemee peke yake. Fungua kurasa zenyewe, usome.

2. NAMNA YA KUULIZA VIZURI

Mutu anayekuja ku farmasi na kusema «nipe dawa ya tumbo» anaweza kupewa kitu chochote. Simu iko vilevile. Ukiuliza ovyo, itakujibu ovyo.

Andika jina la ugonjwa na miaka ya mutoto. Usiandike «tumbo». Andika «kuhara mutoto mwaka 1». Dawa inayofaa mukubwa inaweza kuharibu mutoto. Kwa mufano, aspirini inapunguza homa ya mutu mukubwa, lakini watoto hawapewi isipokuwa munganga ameagiza.

Uliza vilevile kwa Kifransa. Katika Kiswahili kurasa za afya hazijakuwa nyingi. Kwa Kifransa ziko nyingi zaidi. Kama hujui Kifransa, omba mutoto wako anayesoma masomo ya sekondari akuandikie: «diarrhée enfant 1 an traitement». Maneno machache yanatosha. Si lazima uandike hadisi nzima.

Usiweke jibu ndani ya ulizo. Ukiandika «artemisia inaponyesha malaria», simu itakuletea hasa watu wanaosema kwamba inaponyesha. Umepiga kelele ku mulima, na mulima umekurudishia sauti yako. Uliza hivi: «tisane artemisia paludisme OMS», maana yake: chai ya artemisia, malaria, na jina la shirika la afya la dunia. Hapo utasoma wanaojua wanasema nini, kama ni ndiyo ao hapana.

Chagua nyumba ya kubisha. Kuna neno moja dogo linalosaidia sana. Kisha maulizo yako, andika «site:who.int» bila kuacha nafasi katikati. Kwa mufano: «diarrhée zinc enfant site:who.int». Simu haitakwenda tena pahali pote. Itatafuta ndani ya kurasa za OMS tu. Unaweza kufanya vilevile na «site:unicef.org».

Kama hupati, geuza maneno. Usichoke mara ya kwanza. Ukiandika «malaria» na haikutosha, andika «paludisme». Tena, soma maandishi mbele ya kufungua video, kwa sababu video inakula mega zako mbio, na ndani ya video ni vigumu kurudilia namba ya kipimo.

3. MAULIZO MATANO YA KUPIMA JIBU

Sasa jibu liko mbele yako. Liweke katika mizani. Uliza maulizo haya matano.

Ulizo la kwanza: Ni nani aliyeandika?

Tafuta jina la mutu ao la shirika. Kama hakuna jina hata moja, ni sawa na dawa isiyo na karatasi ku chupa. Kisha soma anwani ya ukurasa, kule juu. Anwani who.int ni ya OMS, shirika la afya la mataifa yote lililoanza mwaka wa 1948. Unicef.org ni ya shirika la watoto. Anwani inayoisha na gouv.cd ni ya serikali ya Kongo. Soma herufi kwa herufi, kwa sababu wadanganyifu wanapenda kuchukua jina linalofanana. Picha ya mutu aliyevaa kanzu nyeupe haionyeshi kitu. Kila mutu anaweza kuvaa kanzu nyeupe.

Ulizo la pili: Iliandikwa mwaka gani?

Katika intaneti ukurasa wa zamani hauozi kama nyanya. Unakaa na sura ya upya. Zamani mugonjwa wa malaria alipewa klorokini. Lakini vijidudu vya malaria vilizoea dawa ile, na katika miaka ya 2000 Kongo iliiacha, ikachukua dawa za kuchanganya zenye artemisinini. Hata hivyo kurasa zinazosifu klorokini ziko bado. Mama anayezifuata atapatia mutoto dawa isiyoua vijidudu, na malaria itaendelea kula damu yake.

Mufano mwingine ni zinki. Tangu mwaka wa 2004 OMS na Unicef wanaagiza kwamba mutoto anayehara apewe SRO pamoja na zinki kwa siku 10 hata 14; kipimo walichotangaza mwaka ule kilikuwa miligrama 10 kila siku kama hajatimiza miezi 6, na miligrama 20 kama amepita miezi 6. Ukisoma ukurasa unaofundisha kuhara na hautaji zinki hata kidogo, angalia mwaka wake. Labda ni wa mbele ya 2004.

Ulizo la tatu: Anapata nini nikimuamini?

Kama chini ya mafundisho kuna bei na namba ya kutuma feza, jua kwamba yule siyo mwalimu tu. Ni muchuuzi. Muchuuzi anaweza kusema kweli, lakini usimuamini peke yake. Angalia zaidi dawa moja inayoponyesha magonjwa kumi: sukari, tumbo, kansere, ugumba na malaria pamoja. Dawa ya namna hiyo haiko.

Turudilie artemisia. Ni kweli kwamba artemisinini, dawa kubwa ya malaria, inatoka katika majani ya artemisia. Wauzaji wanachukua ukweli huo, wanasema: basi kunywa chai ya majani, inatosha. OMS haikubali. Katika kikombe cha chai hatujui kuna dawa kiasi gani. Leo ni nyingi, kesho ni kidogo, na mara nyingi haitoshi kuua vijidudu vyote. Mutoto anaonekana amepona, kisha homa inarudi. Tena vijidudu vilivyobaki vinaweza kuzoea dawa, sawasawa na vilivyozoea klorokini.

Ulizo la ine: Anajua namna gani?

Watu wengi wanaandika: «Mutoto wangu alikunywa hii, akapona.» Hatusemi kwamba mama huyo anadanganya. Lakini homa nyingi za watoto zinaisha zenyewe kisha siku mbili tatu. Mama mumoja hawezi kujua kama ni dawa iliyoponyesha ao ni siku zilizopita. Kwa kujua, wataalamu wanalinganisha watu wengi: hawa wanapata dawa, wale hawapati, kisha wanahesabu.

Sikia habari hii. Mwaka wa 1998, katika Uingereza, munganga Andrew Wakefield na wenzake waliandika katika gazeti la waganga linaloitwa The Lancet. Walizungumza juu ya watoto 12 tu, na Wakefield akasema kwamba chanjo inayokinga surua inaweza kuleta ugonjwa wa akili unaoitwa otisimu. Wazazi wengi waliogopa. Kisha ikaonekana kwamba kazi ile ilikuwa na udanganyifu. Mwaka wa 2010 gazeti lilifuta andiko lile, na Wakefield akatolewa katika hesabu ya waganga wa Uingereza. Mwaka wa 2019 wataalamu wa Denmark walitangaza hesabu ya watoto zaidi ya 650 000: waliochanjwa hawakuwa na otisimu kupita wasiochanjwa. Watoto 12 upande mumoja, 650 000 upande mwingine. Lakini ukitafuta leo, uongo wa 1998 ungali unatembea katika simu.

Na sisi tunajua surua. Kati ya mwaka wa 2018 na 2020 iliua katika Kongo watu zaidi ya 6 000, wengi wao watoto wadogo.

Ulizo la tano: Wengine wanasema nini?

Usikubali ukurasa mumoja. Fungua mbili ao tatu zisizotoka kwa mutu mumoja, ulinganishe. Fanya hivyo zaidi kwa namba. Chukua maji ya sukari na chumvi, yale tunayotengeneza nyumbani kwa mutoto anayehara kama SRO imekosekana. Kipimo ni hiki:

– litri 1 ya maji safi, yaliyochemshwa na kupoa;
– vijiko vidogo 6 vya sukari;
– nusu ya kijiko kidogo cha chumvi.

Vijiko visawazishwe juu, visilundikwe. Sasa waza kwamba mutu ameandika ku simu kwa haraka, amegeuza: vijiko 6 vya chumvi na nusu ya sukari. Ni kosa la kidole kimoja tu, lakini chumvi nyingi namna hiyo inaweza kuua mutoto. Mama aliyesoma ukurasa mumoja hataona kosa. Mama aliyelinganisha kurasa tatu ataona mara moja kwamba mbili zinapatana na moja haipatani. Na mama anayeonja maji mbele ya kumupatia mutoto, akisikia chumvi imepita machozi, atayamwanga.

4. MANENO YANAYOKUJA BILA KUITWA

Kuna maneno unayotafuta, na kuna yale yanayokutafuta wewe, katika WhatsApp, Facebook ao TikTok. Haya yanatoka mara nyingi kwa dada, kwa shangazi, kwa jirani, kwa hiyo tunayapokea na moyo mweupe. Lakini aliyekutumia si yule aliyeandika. Katika WhatsApp, ukiona mishale miwili juu ya habari, jua kwamba imepita katika mikono mingi.

Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tumelipa bei kubwa juu ya maneno ya namna hii. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kule tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 2018, na ulimalizika tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka wa 2020. Uliua watu zaidi ya 2 200. Wakati huo katika Beni na Butembo maneno yalitembea kwa midomo na kwa simu, kwamba Ebola haiko, kwamba ni biashara ya wakubwa. Wengine walificha wagonjwa wao, wengine wakakataa chanjo, na ugonjwa ukaingia katika nyumba zao. Watu waliotuma maneno yale hawakuwa wote wabaya. Wengi walikuwa na woga, wakatuma bila kupima.

Kwa hiyo, habari ya afya ikikufikia, usiitume mbele siku ile. Chukua maneno yake makubwa, yaandike katika mashine ya kutafuta, kisha uyapime na maulizo matano. Kama hujapata ukweli wake, iishie kwako.

5. LETA JIBU KU HOSPITALI

Wamama wengine wanaficha kile walichosoma, wanaogopa kwamba munganga atakasirika. Usifiche. Kama umepatia mutoto kitu fulani kwa sababu ya simu, sema jina lake, ulipatia kiasi gani na wakati gani. Munganga asipojua, anaweza kuongeza dawa ingine juu ya ile ya kwanza, na mbili pamoja zikaumiza mutoto. Piga picha ya ukurasa ao uuandike ku karatasi, uulete.

Munganga naye asikucheke. Mama anayeuliza ni mama anayechunga mutoto wake. Unaweza kumuuliza munganga vilevile: «Ugonjwa huu jina lake ni nini kwa Kifransa? Dawa hii jina lake ni nini? Alama gani zitanionyesha kwamba nirudi?» Andika majibu ku fishi. Na jina la kweli la ugonjwa, hata kutafuta ku simu kutakuwa rahisi.

Lakini jambo moja simu haiwezi. Haiwezi kutoboa kidole cha mutoto na kupima damu yake. Homa ya malaria na homa ya kichomi zinaweza kufanana katika maandishi. Kipimo cha damu na masikio ya munganga ku kifua ndivyo vinavyozitenganisha.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Taja alama tatu zinazoonyesha kwamba mutoto aende ku hospitali mara moja, bila kuuliza simu.

2. Jirani ameandika katika simu: «dawa ya homa». Mumusaidie kugeuza maneno yake yawe mazuri zaidi. Mutoto wake iko na miezi 8.

3. Umepata ukurasa unaosema: «Unga huu unamaliza malaria kwa siku moja. Tuma feza ku namba hii.» Katika maulizo matano, lipi linaangusha ukurasa huu kwanza?

4. Ukurasa mumoja unasema vijiko 6 vya sukari, mwingine unasema vijiko 6 vya chumvi. Utafanya nini? Sema kipimo cha kweli bila kuangalia karatasi.

5. Shangazi amekutumia habari kwamba chanjo ya surua inaharibu akili ya mutoto. Utamujibu nini kwa heshima?

KUKUMBUKA

Nani? Mwaka gani? Anapata nini? Anajua namna gani? Wengine wanasema nini?

Mama asiyejua kusoma anaweza kuomba mutoto wake mukubwa amusomee maulizo haya matano, ayashike kwa kichwa. Karatasi hii muibandike ku ukuta karibu na pahali munapochomeka simu. Mwezi ujao, mukija kupimisha watoto, kila mama alete jibu moja alilopata katika simu, tulipime pamoja.